Filamu Fupi Bila Fedha: Hesabu ya Saa, Maji na Sauti Kutoka Mikindani

Vijana wanaotaka kutengeneza filamu yao ya kwanza hapa Mtwara huanza na swali la kamera. Wanataka kujua kama simu ya mwenzao inatosha, au waazime kamera ya mpiga picha wa harusi. Mimi huwauliza kwanza mna siku ngapi, na siku hizo bahari itakupwa saa ngapi. Swali la kamera linajibika kwa sentensi moja: simu yoyote nzuri ya miaka ya karibuni inayorekodi video ya 1080p, yaani HD kamili, inatosha. Swali la saa ndilo lenye kazi.

Kampuni yenye fedha hununua muda. Mvua ikinyesha, watu hulala gesti usiku mmoja zaidi na kesho kazi inaendelea. Kundi la wanafunzi lina Jumamosi na Jumapili, simu mbili, na nyumba ya shangazi wa mmoja wao ambayo lazima iachwe wazi kabla wageni wa jioni hawajafika. Kila kosa la mwanzo hulipwa baadaye kwa saa. Sini, yaani tukio moja la kisa mahali pamoja, ikiandikwa vibaya hula nusu siku ya kushuti, na sauti iliyorekodiwa vibaya hula wiki nzima ya kuhariri. Nimekaa na makundi kadhaa mbele ya kompyuta wakitafuta dawa ya shoti, yaani kipande kimoja cha picha, ambayo haikupigwa, na dawa hiyo haipo. Ndiyo maana nitaifuata kazi hii kwa kuangalia saa zinatumika wapi na zinavuja wapi.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho. Mama wa Mikindani, mji mdogo wa kale karibu na Mtwara mjini, anachokoa pweza bahari inapokupwa. Mwanawe wa kidato cha nne ameacha kwenda shule kwa siri, anaendesha bodaboda ya mtu. Siku moja anasimamishwa na abiria mwenye ndoo ya pweza, anageuka, kumbe ni mama yake. Dakika nane, waigizaji watatu, sehemu nne: mwambani, barabarani, jikoni na barazani.

Muswada na hesabu ya kurasa

Muswada ulioandikwa kwa mpangilio wa kawaida wa filamu, yaani maelezo mafupi ya kinachoonekana na maneno ya waigizaji katikati ya ukurasa, hutoa takriban dakika moja ya filamu kwa kila ukurasa. Filamu yetu basi ni kurasa nane. Kundi geni likijitahidi hushuti kurasa tatu au nne kwa siku. Kwa hesabu hiyo mnahitaji siku mbili au tatu, na siku moja ya akiba. Mkiandika kurasa ishirini mmejiandalia miezi ya kutafutana, na katika miezi hiyo mwigizaji mmoja atanyoa nywele, mwingine atahamia Dar es Salaam.

Andikeni kutokana na vitu mnavyoweza kuvigusa leo. Kabla ya kisa, orodhesheni mlivyonavyo: jiko la kuni la shangazi, mtumbwi uliopinduliwa ufukweni, pikipiki ya kaka, mzee mwenye sauti nzuri. Sini ya hospitali inataka wodi na vibali. Sini ya kituo cha polisi inataka sare, na sare za askari zina sheria zake. Mkiweza kulieleza jambo lilelile barazani, lipelekeni barazani.

Kuna jambo moja la Kiswahili ambalo miongozo ya kigeni haiwezi kukuambia. Salamu zetu ni ndefu. Kijana akiingia jikoni, akaamkia, akaitikiwa, akaulizwa habari za huko atokako, robo tatu ya ukurasa imekwisha na kisa hakijasogea. Kuiondoa salamu kabisa nako kunaudhi, kwa sababu mtazamaji atamwona kijana huyo hana adabu. Njia ninayoipenda ni kuingia katika sini kwenye neno "marahaba". Mtazamaji anajua shikamoo ilishatolewa, na mama anaweza kusema lake papo hapo.

Someni muswada kwa sauti huku mmoja ameshika saa. Sentensi inayomkwama mwigizaji mdomoni mara mbili ifutwe.

Maji hayasubiri

Hapa ndipo filamu nyingi za pwani huharibika, na ndipo mtu wa Mtwara anapaswa kuwashinda wote. Sote tumekua tukisikia habari za bamvua na maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo tu, ila ni wachache wanaoziandika kwenye ratiba ya kushuti.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo bahari hujaa sana na hukupwa sana, na katika pwani yetu kupwa kwenyewe huangukia karibu na saa 4 asubuhi, mwamba ukabaki wazi hata akina mama wanatembea mbali kwenda kutafuta pweza. Kila siku inayofuata, muda huo huchelewa kwa takriban dakika 50. Jumamosi ikiwa saa 4, Jumapili ni karibu saa 5 kasorobo. Sasa endeleeni kuhesabu: baada ya wiki moja mabadiliko yamefika karibu saa sita, na Jumamosi ijayo saa 4 asubuhi pale mlipoweka kamera kuna maji.

Maana yake ni kwamba sini ya mwambani ikikosewa, hairudiwi wiki ijayo. Inarudiwa baada ya wiki mbili hivi, bamvua nyingine inapoirudisha kupwa kwenye saa ileile. Kwa filamu yetu, tarehe ya kushuti haichaguliwi kwa kuangalia nani ana nafasi. Inachaguliwa kwa kuangalia mwezi, kisha watu ndio wajipange. Muulizeni mama anayechokoa pweza kweli. Atawapa siku na saa bila kufungua kitabu, na mkimwomba atamfundisha mwigizaji wenu namna ya kushika fimbo na kuinama, jambo ambalo halidanganyiki mbele ya watazamaji wa hapa.

Kwenye mwamba huohuo maji na jua vinagombana. Mtwara iko karibu na nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na ikifika saa 4 asubuhi jua limeshapanda, macho ya mwigizaji yanaanza kuwa mashimo meusi. Kati ya viwili hivyo mimi hufuata maji, kwa sababu jua la asubuhi lipo kila siku. Tokeni saa 2 na nusu, mfuate maji yanavyorudi nyuma, mpige kwanza shoti za uso wakati mwanga ungali laini, kisha shoti za mbali zinazoonyesha ukubwa wa mwamba. Shuka jeupe likishikwa chini ya uso, nje ya picha, hurudisha mwanga machoni. Mtu mmoja asishike chochote, kazi yake iwe kuyatazama maji yanaporejea.

Maji sio saa pekee. Mwaka nao una zake. Mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba na kwenda mpaka Aprili hivi, na chini ya paa la bati mvua ikinyesha hakuna maiki itakayosikia neno. Kusi inapovuma, kuanzia Mei mpaka Septemba, asubuhi huwa na utulivu na mchana upepo hukua. Na mkipeleka kisa bara, Newala au Tandahimba, kumbukeni kwamba mkorosho wenye maua mwezi wa Agosti utakuwa na mabibo mwezi wa Oktoba. Sini mbili za "siku moja" zilizopigwa chini ya mti huo kwa miezi tofauti zitaumbuana.

Ratiba, ruhusa na chakula

Filamu haishutiwi kwa mfuatano wa kisa. Kila kinachotokea mwambani hupigwa chote, hata kama nusu yake ni mwanzo wa filamu na nusu ni mwisho, kisha mnahamia jikoni. Kuhama mahali ndiko kunakokula saa nyingi kuliko kuigiza. Gharama ya mpangilio huu ni kumbukumbu. Mama aliyeonekana na kanga ya bluu akitoka mwambani lazima aingie jikoni na kanga ileile, ndoo mkono uleule, kilemba kimefungwa vilevile. Mpeni mtu mmoja kazi ya mwendelezo. Apige picha ya kila mwigizaji mwisho wa kila sini na kuandika kwenye daftari. Mara nyingi mwanafunzi mkimya kuliko wote ndiye anayeifanya kazi hii vizuri, na baadaye mhariri atamshukuru kuliko mwongozaji.

Mwongozaji asishike kamera. Akiitazama fremu hawezi kumtazama mwigizaji, na anayedanganya kwa macho hupita bila kuonekana.

Kuhusu ruhusa, msijifiche. Chukueni barua ya utambulisho chuoni au shuleni, mpitie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa afisa utamaduni wa halmashauri mkiwa na muswada mkononi. Nchini kwetu utengenezaji wa filamu uko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayotoa vibali. Afisa utamaduni atawaelekeza kazi ya kimasomo inahitaji nini. Bandari na mitambo ya gesi msielekeze kamera huko bila kibali cha wenyewe. Ndege isiyo na rubani nayo inahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na filamu yetu haiihitaji. Magofu na nyumba za kale za Mikindani ni mali au makazi ya watu, kwa hiyo bisheni hodi. Mtoto akiigiza, mzazi wake aweke saini.

Shilingi chache mlizonazo wekeni kwenye chakula, nauli na kifaa cha kuhifadhia kazi, kwa mpangilio huo. Kikosi cha watu saba waliokunywa chai na ming'oko asubuhi watavumilia jua. Wenye njaa huanza kukosana saa 7 mchana, na sini iliyopigwa katika hali hiyo inaonekana.

Sauti

Mtazamaji husamehe picha yenye mtetemo. Sauti asiyoielewa hamsamehe mtu, anazima. Ningekuwa na elfu hamsini tu ya vifaa, ningenunua maiki ndogo ya kubana kwenye nguo na kuiacha kamera kama ilivyo.

Sababu ni ya kimaumbile. Sauti hupungua nguvu kadiri inavyosafiri, na simu iliyo mita tatu kutoka kwa mwigizaji inasikia mawimbi, minazi na pikipiki za barabarani kwa nguvu sawa na maneno yake. Maiki iliyo kifuani, kiganja kimoja chini ya kidevu, inasikia maneno kwanza. Ichomekeni kwenye simu ya pili, simu ikae mfukoni mwa mwigizaji ikirekodi, muizime mtandao. Kabla ya kila teki, yaani kila mara shoti inapopigwa, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Baadaye mhariri atalipanga kofi la picha na kofi la sauti yakutane, kila kitu kinyooke. Kanga zina kelele zake zinaposuguana na maiki, kwa hiyo ibaneni juu ya nguo ya ndani kwa plasta na mjaribu mwigizaji atembee. Ufukweni, kipande cha sponji laini kilichofunikwa kwa kitambaa chenye manyoya hupunguza upepo, na kumgeuza mwigizaji aupe upepo mgongo kunapunguza zaidi.

Kila mahali mnapomaliza, wote mnyamaze, mrekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali pale. Ukimya wa jikoni una kuku na moto wa kuni, wa mwambani una maji. Kipande hicho ndicho kitakachoziba mashimo kati ya maneno, na bila hicho kila mkato utasikika kama mlango umefungwa.

Sini ya barazani imeandikwa itokee usiku. Simu nyingi gizani hutoa picha yenye chembechembe, kwa hiyo ningeihamishia jioni, katika zile dakika ishirini baada ya jua kuzama, mbingu ikiwa bado ina rangi. Huku kwetu giza huingia upesi, na wakati huohuo adhana ya magharibi inasikika. Simamisheni kazi. Adhana ikiisha mtakuwa na dakika chache tu, basi mazoezi yawe yamefanyika yote kabla.

Kamera, kwa ufupi kidogo

Wekeni simu kwenye fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde na shata, muda ambao kila picha hupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukipiga kwa fremu 30 chini ya taa za bei nafuu unaweza kupata mistari inayotambaa kwenye picha ambayo haitoki wakati wa kuhariri. Programu za bure kama Blackmagic Camera na Open Camera huruhusu mipangilio ambayo programu ya kawaida ya simu huificha. Fungeni mwanga na fokasi visibadilike vyenyewe kabla ya kila teki, na mfute lenzi, maana hewa ya chumvi huacha ukungu.

Mama na mwana wanapozungumza, chorani mstari wa kufikirika kati yao, au uchoreni kweli kwa fimbo mchangani. Kamera ikae upande mmoja wa mstari huo sini nzima. Hapo mama ataangalia kulia na mwana kushoto katika kila shoti, na mtazamaji ataamini wanatazamana. Mkivuka mstari, wote wawili wataonekana wanaangalia upande mmoja kama wanaomngoja mtu wa tatu.

Bodaboda inayokwenda ni hatari, na anayemwigiza kijana wetu ni mwanafunzi. Hakuna haja aendeshe. Pigeni mguu unaowasha pikipiki, mkono unaokaza kofia ngumu, gurudumu linaloondoka akiendesha mwenye leseni. Kisha pikipiki isimame, kamera iwe chini ikitazama juu, nyuma ya uso kuwe na mbingu tupu. Watu wawili waitikise taratibu na wa tatu apitishe tawi la mnazi ili kivuli kikate usoni. Mngurumo rekodini peke yake. Yakiunganishwa hayo, kijana ametoka Mikindani na amefika mjini.

Kulinda kilichopigwa

Video ya 1080p ya simu hula kama MB 130 kwa dakika. Mkipiga dakika kumi kwa kila dakika moja ya filamu, dakika zetu nane zinahitaji zaidi ya GB 10. Safisheni simu mapema. Mchana na jioni, kila kitu kinakiliwe sehemu mbili tofauti, na mtu afungue mafaili matatu manne kuhakikisha yanacheza kabla ya kufuta chochote. Niliwahi kushuhudia kadi moja ikifutwa na mtu aliyedhani mwenzake amenakili. Mama mwigizaji alikuwa ametembea kutoka mbali na alilia kweli katika sini ile. Hakuweza kuirudia, wala hakuna aliyethubutu kumwomba.

Mezani

Mhariri aanze kwa kutazama kila kitu bila kukata, akiandika teki nzuri kwenye daftari. Teki nzuri kwa uigizaji yenye kasoro ndogo ya picha ishinde teki safi isiyo na uhai. Hapa ndipo daftari la mwendelezo linapookoa siku.

Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye uwezo mkubwa, ila inataka kompyuta yenye nguvu. Kompyuta ya kawaida ya chuo itaelewana zaidi na Shotcut au Kdenlive, nazo ni za bure, na kwa kutengeneza nakala nyepesi za video kazi haitakwama. CapCut kwenye simu inatosha filamu ya dakika tatu. Ya dakika nane yenye sauti za simu mbili itawachosha. Kuna tatizo moja linalowasumbua wengi bila kulijua: simu hurekodi kwa kasi inayobadilika kidogo kidogo, hivyo sauti na midomo huanza pamoja na kuachana baada ya dakika chache. Pitisheni video zote kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadili video, mchague kasi isiyobadilika, ndipo muanze kuhariri.

Mkato wa kwanza utakuwa na dakika kumi na mbili. Msikate tamaa, na msianze kupamba rangi. Kaeni na swali moja kwa kila sini: ikiondolewa, kuna mtu atapotea? Kutembea kwa mama kutoka baharini mpaka barabarani kunaweza kuwa shoti mbili. Mngurumo wa bodaboda unaweza kuanza kusikika tukiwa bado tunamwona mama na ndoo yake, kabla pikipiki haijaonekana. Sauti ikitangulia picha hivyo, mtazamaji huvutwa mbele bila kujua. Halafu uso wa mwana anapogeuka uachwe sekunde mbili zaidi ya mnavyodhani inafaa. Vijana wanaogopa ukimya, na filamu hii nzima imejengwa kwa ajili ya ukimya ule.

Mkiridhika na mpangilio, ndipo sauti: maneno kwanza, kisha ukimya wa mahali, kisha muziki kama unahitajika. Msichukue wimbo unaopendwa redioni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na mitandao huzuia video kama hizo. Mtwara ina wapiga ngoma na wenye sauti. Ombeni mmoja arekodiwe, aandike ruhusa, na jina lake liwemo. Kama mama mwigizaji anaongea vizuri zaidi kwa Kimakonde, mwacheni aongee, muweke maandishi ya Kiswahili chini. Sikilizeni kazi yote kwa spika ya simu, kwa sababu wengi wataitazama hivyo. Rangi iwe ya kusawazisha tu, asubuhi ya shoti moja ifanane na asubuhi ya shoti ifuatayo.

Toeni nakala ya 1080p, megabiti 10 kwa sekunde. Dakika nane zitakuwa kama MB 600, kwa hiyo tafuteni bando la kutosha, na mkituma kwa WhatsApp tumeni kama faili ili isibanwe. Kuna tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar, linalofanyika tangu mwaka 1998, na filamu fupi hupokelewa.

Ila kabla ya Zanzibar, rudini Mikindani. Azimeni projekta ya chuo, mtundike lile shuka jeupe ukutani baada ya isha, spika ziwe karibu na shuka ili maneno yatoke walipo waigizaji. Yule mama aliyewafundisha kuchokoa pweza na shangazi aliyetoa jiko lake wakae mbele.